Dawa Hai Kwapani

Siku ambayo ukoo wa mumewe ulipanga kumletea mwanamume mwingine, Ajok alikuwa amesimama kando ya barabara ya Gudele, matope yamemfika vifundoni, mkono wa kushoto ameubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa. Kwapani alikuwa na kikombe kidogo cha plastiki chenye kifuniko cha buluu. Ndani ya kikombe hicho zilikuwamo mbegu za mumewe, Bior, zilizopatikana asubuhi hiyo kwa taabu ambayo Mungu peke yake anaijua, na zilitakiwa zifike Kator ndani ya saa moja zikiwa bado na joto la mwili. Bodaboda iliyombeba ilikuwa imezama kwenye dimbwi mpaka katikati ya magurudumu. Dereva wake alikuwa akiipiga teke na kuitukana kwa Kiarabu cha Juba, na pikipiki haikujibu.

Bior alikuwa fundi wa madishi. Siku ya fainali ya mpira, wateja wa baa moja walimsukumiza apande paani manyunyu yakianza, kwa sababu picha ilikuwa inakatika na wao hawakutaka kukosa penalti. Alipanda kwa ngazi, akashuka kwa njia fupi. Mpira uliisha vizuri, wanasema, lakini Bior hakuuona. Uti wa mgongo ulivunjika usawa wa kifua, na kuanzia hapo kwenda chini mwili wake ukawa kama nyumba iliyokatiwa umeme, vyombo vyote vimo, ila ukibonyeza swichi hakiwaki kitu. Sasa aliketi barazani kwenye kiti cha magurudumu akitengeneza simu na dikoda za watu, ulimi wake ukiwa mzima kuliko zamani.

Walikuwa wamefunga ndoa kanisani miezi michache tu kabla ya ajali. Mtoto hawakuwa naye. Wakubwa wa ukoo walimpa mgonjwa muda wa kupona, kisha wakampa Ajok muda wa kulia, kisha wakakaa kikao.

Katika ukoo wa Bior, mwanamume asiyeweza kuzaa haachwi jina lake lipotee. Wakubwa humchagua ndugu mmoja mwenye afya, naye humwingilia mke wa nduguye. Mtoto akizaliwa ni wa mwenye nyumba kwa jina, kwa ng'ombe na kwa urithi, na yule aliyesaidia haruhusiwi hata kunung'unika. Hakuna aibu ndani yake. Ni kama kumlimia mgonjwa shamba lake. Ajok, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kumalizia shule Eldoret, aliijua desturi hiyo kama mtu anavyojua kwamba kuna makaburi: yapo, ila si ya leo. Aliposikia kwamba leo ndiyo leo, na kwamba aliyechaguliwa ni Aleer, binamu wa Bior anayefanya kazi ya mapokezi hotelini na kujipaka manukato hata akienda kununua vocha, alijifungia ndani, akamwambia Bior kwamba atarudi Eldoret kwa miguu.

Bior alimwambia asiende popote. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, akitazama magurudumu ya kiti chake, kwamba angependa kuulizwa kwanza kama amekufa.

Mwenye neno la mwisho katika jambo hilo alikuwa baba yake mdogo, Kanali Kur, mwenye ofisi Bilpam, makao makuu ya jeshi, na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kanali hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alizaliwa kwa desturi hiyohiyo. Mtu ambaye Kur alimwita baba maisha yake yote alikufa kijana kabla ya kuoa, na ndugu yake akamtolea mahari marehemu, akamzalia watoto. Kwa hiyo Kanali alipozungumzia desturi hiyo hakuwa akihubiri, alikuwa akishukuru. Bior alipomwomba angoje kwa sababu yuko kwenye matibabu, Kanali alikubali kungoja mpaka mvua za kwanza. Alisema pia kwamba asiletewe karatasi. Karatasi, alisema, huandikwa na mtu, na mtu hununulika. Yeye ataamini atakachokiona kwa macho yake.

Mvua za kwanza zilianza wiki hiyohiyo, na wakubwa wakapanga siku ya kikao cha kumkabidhi Aleer.

Matibabu yenyewe yalikuwa chini ya Kisakye, mwanamke wa Kiganda aliyekuwa na maabara ndogo Kator, si mbali na kanisa kuu. Kisakye alikuwa mfupi, mnene, na hakuwa na haya ya aina yoyote. Siku ya kwanza alimweleza Bior mambo yake yote mlango ukiwa wazi na mgonjwa wa malaria akisikiliza. "Kiwanda yako iko inafanya kazi," alisema. "Ni barabara ndiyo iliharibika." Watu wa Juba ukiwaambia habari za barabara mbovu wanakuelewa mara moja. Mbegu zinatengenezwa kama kawaida, Kisakye alieleza, ila amri ya kuzitoa haifiki kutoka kichwani. Lakini chini ya pale palipovunjika mwili una akili yake ndogo, na ukiutikisa kwa nguvu mahali panapohusika, kwa mashine inayotetemeka, mara nyingi hujibu wenyewe bila kumuuliza mkubwa. Kuna mashine maalumu ya kazi hiyo. Juba haikuwepo. Ilikuwepo sokoni Konyo Konyo ile ya kukandia mabega ya wazee.

Waliijaribu kwanza palepale kwa Kisakye, nyuma ya pazia, presha ikipimwa, kwa sababu mtu aliyevunjika juu namna ile presha yake inaweza kupanda ghafla mpaka ikamletea balaa. Upande wa pili wa ukuta kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Mashine ililia, kwaya ikaimba, jenereta ikakohoa, Bior akaanza kucheka, na hakikutoka kitu. Walirudi nyumbani na ile mashine na kipimo cha presha. Kisakye alikuwa amemfundisha Ajok kupima, na akamwapisha kwamba Bior kichwa kikianza kumgonga, kila kitu kisimamishwe na aketishwe wima.

Ajok alikata tamaa. Bior alikata waya. Aliifungua ile mashine mezani, akaitazama mota yake kwa dharau, akasema si ajabu, hiyo haiwezi kuamsha hata paka. Alitoa mota kwenye kitu fulani cha Kichina, akaifunga humo, akaunganisha na betri ya sola iliyokuwa ikichajia simu za ua mzima. Asubuhi ya siku ya kikao alipoiwasha, redio za majirani zilinyamaza zote kwa pamoja, na simu zilizokuwa zikichajiwa barazani zikaacha kuchajiwa. Mama wa nyumba ya pili aligonga ukuta akauliza kama Bior anachomelea geti.

Kisha ikatokea. Miguu iliruka yenyewe, tumbo likakaza, na Bior, ambaye hakuhisi chochote, alitazama chini kama mtu aliyeona bomba lililokauka miaka likimwaga maji. Alicheka, akalia, kisha akashika kichwa, kwa kuwa kilikuwa kimeanza kumgonga. Ajok alizima mashine, akamketisha wima, akapima presha, akangoja, akapima tena mpaka ikashuka. Alimwita mama wa nyumba ya pili aje akae naye. Bior akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka.

"Nenda," alimwambia. "Na wasipoe, Ajok. Tafadhali."

Ndiyo maana alikuwa pale kwenye matope. Na ndiyo maana alipoona Landkruza nyeupe ya Kanali ikija upande wake, moyo ulimshuka mpaka kwenye matope yaleyale.

Gari lilisimama. Kanali Kur alishusha kioo. Kiti cha nyuma alikaa Aleer, suti ya kijivu, tai nyekundu, manukato yakitoka dirishani kabla ya salamu. Walikuwa wanaelekea kwa Bior kwenye kikao.

Kanali alinyoosha mkono. Mkwe wake wa kike akamsalimu inavyostahili, mkono wa kulia ukisindikizwa na wa kushoto, ila wa kushoto haukufika mbali. Ulitoka kiwiko tu, ukarudi. Kanali aliona. Askari wa miaka mingi huona mtu anayeficha kitu.

"Binti," alisema kwa Kiswahili chake alichookota mpakani kati ya Lokichoggio na Kapoeta, "wewe iko shika nini hapo?"

Hapa ndipo Ajok alipobanwa. Yako maneno ambayo mke hamwambii baba mkwe hata kama nyumba inaungua, na neno alilolibeba kwapani lilikuwa la kwanza katika hayo. Angeweza kusema amebeba bomu na isingekuwa utovu wa adabu.

"Dawa ya Bior, Baba," alisema. "Naipeleka Kator. Sista wa maabara ananingoja."

"Dawa ya Bior naenda Kator, na Bior iko Gudele?"

"Lazima ipimwe kwanza. Ni dawa hai, Baba. Ikipoa inakufa."

Alidhani amejiharibia. Dawa gani hufa? Lakini uso wa Kanali ulibadilika. Miaka ya vita, kabla hajawa na ofisi wala gari, alikuwa amewahi kubeba kichwani sanduku la chanjo ya ng'ombe, siku baada ya siku porini, akilifunika kwa majani mabichi na kulimwagia maji, kwa sababu daktari wa mifugo alimwapisha kwamba iliyomo humo ni hai na jua likiipata itakufa. Ng'ombe wa ukoo mzima walipona kwa shingo yake, na shingo hiyo ilimuuma mpaka leo. Ilikuwa fahari yake kubwa kuliko vyeo vyote.

"Ile ilikuwa nakufa na moto," alisema taratibu. "Hii nakufa na baridi. Sawa. Kikao nangoja. Panda, yalla."

Mwenye bodaboda aliachwa na dimbwi lake. Kanali alizima kiyoyozi, akaamuru vioo vyote vipandishwe, na gari likaanza kuwa oveni. Aleer katika suti yake alianza kutota. Manukato yaliyochanganyika na jasho yalikuwa na ukali wa kutoa machozi. Alijaribu kulegeza tai, Kanali akamtazama kwenye kioo, naye akaiacha.

Ajok alikaa pembeni ya Aleer akitazama mbele. Aleer alitazama kwapa lake. Aliangalia matope miguuni mwake, akaangalia kifuniko cha buluu kilichochungulia kidogo kwenye mkono wa blauzi, na kwa kuwa alikuwa amesoma, hesabu ikaanza kumjia yenyewe.

"Ajok," alinong'ona. "Hiyo si dawa."

"Nyamaza."

"Sisemi kitu. Wallahi sisemi. Naomba tu wawe hai."

Ajok alimgeukia kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo alipogundua kwamba kijana yule aliyemchukia wiki nzima alikuwa anaogopa kuliko yeye. Kwa minong'ono ya harakaharaka Aleer alimweleza kwamba ana mchumba, Namukasa, mwenye saluni Kator, kwamba Namukasa hajui lolote kuhusu leo, na kwamba mkono wa Namukasa ni mzito. Yeye hakuomba kuchaguliwa. Alichaguliwa kwa sababu hakuwa na ulemavu wowote na hakuwa na ujasiri wa kukataa. Ajok alijisikia kumcheka na kumhurumia kwa wakati mmoja, na akashindwa kuamua.

Mbele yao magari yalisimama. Mkubwa fulani alikuwa anapita na msafara wake, barabara imefungwa, na askari kijana mwenye miwani ya jua alikuwa akipita gari hadi gari akikagua. Kanali alijitambulisha. Kijana alipiga saluti, lakini alikuwa mgeni kazini na alitaka kuifanya vizuri. Alisema amri ni amri, wote washuke. Wakashuka. Aleer alivuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani.

"Mikono juu," kijana alimwambia Ajok.

Ajok aliinua mmoja.

"Miwili."

Hakuinua. Dakika zilikuwa zinakimbia, zile mbegu zilikuwa zinachoka, na upepo wa baada ya mvua ulikuwa unavuma moja kwa moja kutoka mtoni. Kijana alirudi hatua nyuma, akashika bunduki vizuri zaidi, akauliza kwapani kuna nini. Watu kwenye magari ya jirani walianza kushusha vioo. Ajok aliona wazi kwamba ama atasema neno lile mbele ya baba mkwe na nusu ya Juba, ama atainua mkono na kikombe kianguke. Alifungua mdomo, na wala hakujua ni neno gani lingetoka.

Kanali alimtangulia. Alijisogeza katikati yao, tumbo mbele, na sauti ya ng'ambo ya mto ikatoka yote. Alimwambia kijana kwamba mkono ule umebeba dawa hai ya mtoto wake, kwamba yeye amebeba dawa hai kabla baba wa kijana hajajua kutembea, na kwamba dawa ile ikifa hapa barabarani, kijana ataizika yeye mwenyewe na atailia matanga. Kijana aliangalia cheo begani kwa Kanali, akaangalia msafara uliokuwa umeshapita zamani, akasogeza kizuizi.

Lakini Kanali hakupanda gari mara moja. Upepo ule ulimtia wasiwasi. Alichukua chupa ya maji, akanywa funda moja, na mbele ya kila mtu akampulizia Ajok manyunyu begani na ubavuni, kama wazee wao wanavyobariki mtoto anayeondoka au ng'ombe anayezaa. Kisha akainama karibu na kwapa na kulisemesha kwa Kidinka. Alisema kwamba wewe uliyemo humo, amka, usilale njiani. Miguu yako isichoke. Tembea mpaka ufike mahali mtoto wangu anapokungoja. Akamalizia kwa ishara ya msalaba, kwa kuwa alikuwa Mkristo pia.

Ajok aliuma midomo mpaka ikauma. Nyuma yake alimsikia Aleer akiitika amina kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kuitika kanisani.

Walipofika Kator, Aleer alijikunja chini ya kiti kupita saluni moja yenye pazia la zambarau, na hakuna aliyemuuliza. Ajok aliruka kabla gari halijasimama vizuri. Kanali alimfuata, kwa sababu dawa aliyoisindikiza hakuwa na desturi ya kuiacha mlangoni.

Kisakye alikuwa kizingitini, glavu mkononi. Na kwa kuwa hakuwa na haya ya aina yoyote, alisema kwa sauti ya sokoni, "Mama, mbegu ya Bior imefika na joto, ama imeshakuwa baridi?"

Ajok alitamani ardhi ya Kator impokee. Alimpa Kisakye kikombe bila kugeuka, kisha akasimama akiangalia kalenda ukutani. Nyuma yake alisikia chupa ya maji ikiwekwa mezani polepole sana.

"Mbegu," Kanali alisema hatimaye.

Hakuna aliyemsaidia.

"Mimi iko bariki mbegu."

"Ndiyo, Baba," Ajok aliiambia kalenda. "Nisamehe."

Alingoja sauti ile ya kuita ng'ombe. Haikuja. Kanali alivuta kiti, akakaa na kofia magotini, kisha akauliza, si kwa Ajok, bali kwa Kisakye, kama kitu hicho kinaweza kuonekana. Kisakye alikuwa ameshaweka tone kwenye kioo na kuinamia hadubini. Alizungusha kitufe, akakizungusha tena. Kila kitu kilikuwa pale chini ya lile jicho la chuma: chumba chake, mlango wake, mwanamume atakayelala naye, na yule aliyeketi wima Gudele akingoja simu ilie.

"Mzee, kuja uone," Kisakye alisema.

Kanali alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo wake mpana umeziba dirisha.

"Hawa nalala," alisema, na Ajok akashika ukingo wa meza.

Kisakye alimwambia angoje macho yazoee. Wengi wamelala, kweli, alieleza. Ndivyo inavyokuwa kwa watu walioumia mgongo, mbegu ni nyingi tu, lakini maji yanayozibeba huzichosha, na zinazotembea huwa chache. Asitazame katikati, atazame pembeni.

Kanali alitazama pembeni. Bega lake likashtuka.

"Moja iko natembea," alisema. Halafu, "La. Ingine. Ingine hapa." Halafu akacheka kicheko kidogo ambacho Ajok hakuwahi kumsikia nacho. "Hii ya kona iko nagonga wenzake. Naanguka, naamka. Naanguka, naamka. Huyu ni Bior kabisa."

Ajok alianza kulia. Alilia waziwazi, pua na machozi, mbele ya baba mkwe, na hakujali. Aleer, ambaye alikuwa ameingia kimyakimya na kusimama nyuma ya mlango, aliketi sakafuni na suti yake yote.

Kanali hakuinua kichwa. Aliuliza, sauti ikiwa chini, kama kila mtu alianza hivi. Kisakye akasema kila mtu, hata majenerali. Kisha Kanali alisema kwa Kidinka, polepole, ili mkwe wake wa Eldoret amfuate.

"Yule ninayemwita baba alikufa. Hakukuwa na kitu chake cha kuweka kwenye kioo. Kwa hiyo walitembea wengine kwa niaba yake, na ni vyema walitembea, maana niko hapa." Alijifuta jicho, labda kwa sababu ya hadubini. "Lakini huyu hajafa. Watu wake wanatembea. Mtu ambaye watu wake wanatembea, hatumwi mwingine badala yake."

Alisimama, akavaa kofia, akatoa simu na kupiga nyumbani kuwaambia wakubwa waliokuwa wakingoja kwamba kikao kimekwisha. Walipouliza nani amekifunga, alisema amekifunga Bior. Aleer aliomba ruhusa ya kwenda kusalimia mtu jirani hapo. Alitoka mbio, na wakamwona akiingia kwenye lile pazia la zambarau akiwa amefungua mikono.

Ajok alimpigia Bior. Simu haikuita hata mara moja kamili.

"Wako hai?" Bior aliuliza.

Kanali akamnyang'anya Ajok simu, akamwambia mtoto wa kaka yake kwamba wengi ni wavivu, lakini wapo wanaotembea, na kwamba asivimbe kichwa, kwa sababu waliamka barabarani baada ya yeye mwenyewe kuwaamrisha.

Neno hilo hakuliacha tena. Kisakye aliwapa bomba la sindano lisilo na sindano, akamfundisha Ajok siku za kulitumia na namna ya kulitumia nyumbani, akawaonya kwamba inaweza kuchukua muda, inaweza hata isikubali, na kwamba ikigoma kuna hospitali Kampala zinazoweza kuwasaidia zaidi. Mwezi wa kwanza ulipita bure. Wa pili pia. Lakini kila siku hiyo ilipofika Landkruza nyeupe ilisimama nje ya ua wa Gudele, na Kanali Kur akashuka na chupa yake ya maji. Aliwaamuru majirani wachomoe simu zote ili betri ya sola isigawane nguvu. Alikataza redio. Mashine ilipolia ndani, yeye alisimama barazani amewapa mgongo, akiimba chini kwa chini wimbo wa ng'ombe, na ilipozimwa, Ajok alitoa kikombe dirishani kwa mkono mmoja, Kanali akakipulizia manyunyu, akawaambia watembee, akakirudisha bila kugeuza uso. Adabu ya mkwe na baba mkwe ilihifadhiwa vizuri kabisa. Ua mzima ulijua kila kitu. Mama wa nyumba ya pili alianza kuuliza asubuhi kama leo ni siku ya umeme au si siku ya umeme.

Bior alisema kwamba hajawahi kusikia mwanamume mwingine duniani aliyefanya mapenzi akilindwa na kanali. Alisema hivyo kwa kujivuna, kwa kweli, na Ajok alimrushia mto.

Mahindi ya uani yalikuwa yamekomaa Ajok alipotoka kwa Kisakye na habari. Kanali alikuwa akingoja garini, kiyoyozi kimezimwa kwa mazoea. Ajok alipanda, akakaa kiti cha mbele, akafunga mlango. Yako maneno ambayo mke hamwambii baba mkwe, lakini mengi kati ya hayo yalikuwa yameshapita dirishani kwenye kikombe. Akamwambia kwamba ana mimba.

Kanali alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Mwishowe aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeogopa kuambiwa hapana.

"Ni yule ya kona?"

Ajok alijua vizuri kwamba yule wa kona alikauka kwenye kioo siku ileile, na kioo kikasuguliwa kwa spiriti kabla hawajafika nyumbani. Alimtazama mzee yule, shingo yake iliyopinda kwa sanduku la chanjo, na macho yake mekundu.

"Ndiye, Baba," alisema. "Amefika."